Wewe ni Namba Mbili

Kusi lilikuwa limeshika. Tulikuwa tumeiacha Dar es Salaam kama robo saa iliyopita kwa Cessna Caravan, ile ndege ya injini moja yenye mabawa juu ya vichwa vya abiria, ambayo sisi watu wa Unguja na Pemba tunaipanda kama wengine wanavyopanda daladala. Nilikaa kiti cha mbele pembeni ya rubani, maana ndege hizi zikiendeshwa na rubani mmoja kile kiti cha pili mara nyingi hupewa abiria, naye kwa ihsani yake akanivisha hedifoni nisikie mazungumzo. Uwanja tuliuona vizuri upande wa kulia. Njia ya kutulia imenyooka, tupu, hakuna hata chombo kimoja juu yake. Nikajiweka sawa nikijua tunashuka. Mara sauti ya dada wa mnarani ikatamka maneno machache, na rubani akayarudia yote kama alivyoyapokea.

Kisha akanyoosha kidole upande wa kaskazini. "Umeiona, mzee wangu?"

Sikuona kitu.

"Chini ya wingu lile. Taa."

Nikakodoa macho mpaka nikaipata: nukta ya mwanga isiyo na umbo, haisogei kushoto wala kulia. "Boeing hiyo, inatoka Italia. Yeye namba moja, sisi namba mbili. Tunampisha." Akalaza bawa la kushoto, na bahari yote ikainuka kwenye kioo. Nyuma mama mmoja akauliza, "Kulikoni tena jamani?"

Ninaishi Kiembe Samaki. Ndege zinapita juu ya baraza yetu tangu nikiwa mtoto, na kwa miaka mingi nilidhani zinashuka kwa zamu kama watu kwenye foleni ya mkate: aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kupata. Siku ile, kwa dakika zisizozidi 6, nilisikia kazi ya kupishana inavyofanywa, na tangu hapo sijaweza kuzitazama ndege zile kwa macho yale ya zamani. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe hamali mwenye mkokoteni huita "habedari!" na kila mtu hujibana ukutani apite. Angani hakuna ukuta wa kujibana, na kusimama kusubiri hakupo. Ndege lazima iendelee kwenda ndipo iendelee kuelea. Kwa hiyo kule juu watu hupishana kwa hesabu, na hesabu hiyo hufanywa kichwani, kwa sauti tulivu, wakati kila kilichomo ndani yake kinasogea.

Uwanja wa Abeid Amani Karume una njia moja tu ya kurukia na kutulia, yenye urefu wa kama kilomita 3, imelala kusini kwa kaskazini. Juu ya lami hiyo moja inashuka Boeing 787 iliyokesha angani ikitoka Ulaya, na nyuma yake Caravan iliyotoka Chake Chake na abiria wasiozidi dazeni moja. Boeing 787-9 inaruhusiwa kuruka ikiwa na zaidi ya tani 250. Caravan iliyojaa haizidi tani 4. Ile kubwa inakuja kutua kwa mwendo wa kama maili 140 za baharini kwa saa, na ikienda polepole kuliko inavyopaswa haielei. Caravan inaweza kugusa ardhi kwa mwendo unaokaribia nusu ya huo. Uwachukue mbuzi na lori, uwaambie wapite daraja moja jembamba, asikanyagwe mmoja na asisimame mwingine. Ndiyo kazi ya mwongoza ndege, kutwa nzima.

Swali lake la kwanza ni nani atangulie, na jibu halitafutwi kwa cheo wala kwa ukubwa. Tuseme ile kubwa imebakiza maili 12 kufika. Kwa mwendo wake, hizo ni kama dakika 5. Caravan iko maili 4, na ikishikilia maili 120 kwa saa itafika baada ya dakika 2, kisha inahitaji kama dakika moja nyingine kutoka kwenye njia. Hesabu inakubali: Caravan itangulie, lakini iambiwe isipunguze mwendo. Hapo ufundi unahamia mikononi mwa rubani mdogo. Anashuka kwa kasi ambayo kwa ndege yake si ya kutulia kabisa, mpaka karibu na mwanzo wa lami, kisha anapunguza nguvu ya injini, na lile pangaboi kubwa la mbele, bapa zake zikikaa wima mbele ya upepo, linageuka kuwa breki. Mwendo unashuka ghafla, magurudumu yanagusa, ndege inakunja na kuondoka njiani. Mara nyingi watalii walioko ndani ya jeti inayofuata hawajui kabisa kwamba kulikuwa na mtu mbele yao.

Sasa tuseme ile kubwa iko maili 7 badala ya 12. Ni dakika 3 tu. Caravan ikitangulia na ikichelewa kidogo kutoka, Boeing itafika juu ya lami ikute mtu. Itabidi ipandishe pua, iunguze mafuta, na izunguke upya na mamia ya watu walioshika mikono ya viti. Hesabu imekataa, kwa hiyo ndogo inasubiri. Na namna inavyosubiri ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Marubani hufundishwa kugeuza ndege kwa nyuzi 3 kila sekunde. Duara kamili ni nyuzi 360, yaani sekunde 120. Dada wa mnarani anapomwambia rubani azunguke mara moja, amempa dakika 2, kamili kama alizozipima kwa saa. Lile duara letu juu ya bahari, ambalo mama wa nyuma aliliona ni kupotezewa muda, lilikuwa muda wenyewe, umekunjwa ukawekwa mahali pake.

Tulipomaliza kuzunguka, pua yetu ikatazama tena kaskazini, kusi mgongoni, tukienda na upepo sambamba na uwanja. Ndege hutua ikiukabili upepo, kwa hiyo msimu wa kusi zote hutua zikitazama kusini. Boeing kutoka Ulaya inaunyookea uwanja moja kwa moja, lakini sisi tunaotoka Dar es Salaam inatubidi kuupita kwanza, twende mpaka ng'ambo yake ya kaskazini, ndipo tugeuke na kurudi. Kwa hiyo tulipishana nayo uso kwa uso, sisi juu ya bahari, yeye upande wa nchi kavu. Ile nukta ilikuwa imekuwa nyumba. Niliona magurudumu yamening'inia na mabawa yamepinda ncha juu kidogo kama mkono wa mcheza ngoma. Ikapita, ikashuka, na moshi mweupe ukaruka pale magurudumu yalipogusa lami. Papo hapo rubani wangu akabonyeza saa ya mkononi.

Nilidhani njia ikishakuwa tupu zamu yetu imefika. Haikuwa hivyo, kwa sababu ya kitu kisichoonekana.

Bawa la ndege hubebwa na hewa iliyosongamana chini yake. Kwenye ncha, hewa hiyo hupata mwanya, hukimbilia juu, na hujisokota. Kila ncha inaacha nyuma kamba ya upepo unaozunguka, kamba mbili sambamba, ndefu, zisizo na rangi. Ndege inavyokuwa nzito na ya mwendo mdogo ndivyo kamba zinavyokuwa na nguvu, na jeti huwa na mwendo mdogo hapo hapo panapokaribia uwanja, wakati wa kutua na wa kuruka. Ndege ndogo ikiingia ndani ya kamba ya ndege nzito inaweza kubiringishwa kichwa chini, na kama iko futi chache juu ya ardhi, rubani hana nafasi ya kuirudisha.

Lakini kamba hizo zina tabia, na tabia zake zimesomwa. Huanza pale ndege inapoinua pua kuruka, na hukoma pale magurudumu yake yanapogusa lami. Hushuka taratibu, kama futi 300 hadi 500 kwa dakika. Zikikaribia ardhi huachana, moja huku na moja kule. Upepo wenye nguvu huzivunja. Siku ya kuogopwa ni ile ambayo mtu wa kawaida angeiita nzuri, shwari, na kaupepo kembamba ka ubavuni. Hapo ile kamba ya goshini, iliyotaka kutambaa itoke nje ya njia, husukumwa na upepo ikabaki pale pale juu ya lami ikimngoja anayefuata. Nahodha yeyote wa jahazi angelielewa jambo hili bila kuchorewa.

Kwa ajili hiyo Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limezigawa ndege kwa uzito. Nyepesi ni zile zisizozidi kilo 7,000. Nzito huanzia kilo 136,000. Zilizo katikati ni za kati, na Airbus A380 imepewa daraja lake peke yake. Nyepesi ikitua nyuma ya nzito huachiwa dakika 3, au kwa rada maili 6. Zikiwa zinaruka kutoka mahali pamoja, nyepesi humsubiri mzito dakika 2. Caravan haihitaji kilomita 3 zote za lami ili iruke, inatosheka na kipande tu, kwa hiyo mara nyingi huombwa kuanzia katikati ya njia. Hapo subira inapanda kutoka dakika 2 hadi 3, kwa sababu imejisogeza mbele, karibu na pale ambapo jeti imeanza kuzimwaga kamba zake. Mtu asiyejua huona ndege ndogo imekaa pembeni ya njia iliyo tupu, injini inanguruma, haiendi. Ndani yake kuna rubani anayehesabu.

Wetu naye alikuwa akihesabu. Alikwenda mbele kidogo, akageuza kulia, akageuza tena, na lami ikawa mbele yetu. Nikaona jambo jingine ambalo bila maelezo yake nisingelielewa. Hakushuka kwa mteremko aliotumia Boeing. Alibaki juu yake. "Alipogusa yeye umepaona?" aliniuliza, na nikamwonyesha alama nyeusi za mipira. "Sisi tunagusa mbele ya pale." Kamba zinashuka, kwa hiyo yeye alipita juu ya njia yao, na zilikoma pale magurudumu ya mzito yalipogusa, kwa hiyo yeye aligusa mbele zaidi, kwenye hewa safi. Dakika 3 zilikwisha kupita kwenye saa yake. Alikuwa na ruhusa, alikuwa na muda, na bado alijiwekea akiba ya tatu.

Maneno nayo ni sehemu ya ufundi huu. Rubani na mnara wanazungumza Kiingereza, lakini ni Kiingereza kilichopunguzwa mpaka kikabaki mifupa, kila neno na kazi yake. Neno lenye maana ya kuruka halitamkwi ovyo: hutumika tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Wakati mwingine wowote husemwa kuondoka. Mpaka huo uliimarishwa baada ya tarehe 27 Machi 1977, siku ambayo Boeing 747 mbili ziligongana chini, kwenye ukungu wa Tenerife, watu 583 wakafa, baada ya maneno ya redioni kueleweka visivyo. Ndege ndogo inayongoja kando ya njia wakati kubwa inakuja kutua huambiwa kwa namna hii: nyuma ya Boeing inayotua, ingia kwenye njia usubiri, nyuma yake. Neno "nyuma" limewekwa mwanzoni na likarudiwa mwishoni, ili hata sauti ikikatika mwanzo au mwisho, mtu asije akasikia "ingia" peke yake. Mwenye kusikiliza hurudia yote. Mwongoza ndege husikiliza marudio yale kwa makini kuliko alivyosema yeye mwenyewe. Ninaishi kwa kuandika, na sijui sentensi iliyotungwa kwa uangalifu kuliko hiyo.

Kisha kuna kuona. Rubani akiambiwa kuna mwenzake mbele, ana majibu mawili ya kweli: ninaiona, au ninaitafuta. Tofauti ya majibu hayo ni kubwa mno. Tarehe 25 Septemba 1978, Boeing 727 ilikuwa inashuka kwenda San Diego, Marekani, na marubani wake wakaarifiwa kuwa kuna Cessna 172 mbele yao. Walisema wanaiona. Baadaye ikawapotea, wakaamini wameshaipita, na mnara haukuelewa kwamba haionekani tena. Boeing ikaishukia Cessna kutoka nyuma. Walikufa watu 144, wakiwemo 7 waliokuwa majumbani mwao chini. Kuona kitu angani ni kugumu kuliko tunavyodhani sisi wa barazani. Chombo kinachopita kushoto au kulia jicho hukidaka. Kile kinachokuja kukugonga hakisogei kwenye kioo, kimekaa pale pale, kinakua tu. Mabaharia wanaijua kanuni hiyo tangu zamani: chombo kisichobadilika upande, mnakutana nacho. Ile taa niliyoonyeshwa siku ile ilikuwa hivyo hivyo, imetulia, na ndiyo sababu rubani hakuridhika mpaka nami niiseme iko wapi. Macho manne ni bora kuliko mawili.

Jeti za abiria zina mtambo unaozungumza na mitambo ya ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke hatari ikikaribia. Kanuni ya kimataifa inaudai kwa ndege za injini za tabini zenye uzito zaidi ya kilo 5,700 au viti vya abiria zaidi ya 19. Caravan iko chini ya mipaka yote miwili. Kwa hiyo kwenye anga letu la chini, la visiwa na mbuga, kinga kubwa bado ni masikio, macho na ile sauti ya mnarani.

Nairobi wamejaribu kutenganisha: jeti kubwa zinatua Jomo Kenyatta, ndogo na za mafunzo ziko Wilson, karibu na mjini. Ardhi imegawanyika lakini anga ni moja, na hata ndani ya Wilson yenyewe wenye haraka na wanaojifunza wanakutana. Tarehe 5 Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 iliyotoka Wilson kwenda Diani iligongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Waliokuwa ndani ya Cessna, mwalimu na mwanafunzi wake, walikufa. Dash 8 ilirudi ikatua salama na watu wake 44. Ninalikumbuka tukio hilo kila ninaposikia mtu akisema ndege siku hizi zinajiendesha.

Kwetu Unguja kazi huwa ngumu zaidi tanga mbili, pale kaskazi linapokufa na kusi halijasimama. Msimu mwingine upepo ni mmoja na kila mtu anajua mlango wa kuingilia. Tanga mbili upepo unaweza kuhama mchana mmoja, na uwanja mzima ukageuzwa: waliokuwa wakitua wakitazama kaskazini sasa watue wakitazama kusini. Foleni iliyokuwa imepangwa vizuri inabidi ipanguliwe ikiwa angani. Aliyekuwa namba moja anajikuta yuko ng'ambo, mwanafunzi wa urubani anatolewa kwenye mzunguko na kuambiwa akangoje pembeni, jeti inaombwa kupunguza mwendo ingali mbali, na Caravan mbili zinazotoka sehemu moja zinatenganishwa kwa kimo. Ukiwa barazani huoni chochote isipokuwa ndege zimeanza kupita upande mwingine. Mimi siku hizi nikiona hivyo huacha ninachofanya na kutazama juu, kwa sababu najua ndani ya kile chumba cha vioo cha mnarani kuna mtu anayefanya kazi nzuri kuliko kazi nyingi tunazozipigia makofi, na hakuna atakayemwambia ahsante.

Tuliposhuka siku ile, yule mama aliyeuliza alipita karibu nasi akivuta mkoba wake. Rubani akamwambia, "Samahani mama, tulimpisha mgeni." Mama akaitazama ile Boeing iliyokwisha simama mbele ya jengo, kubwa mpaka Caravan yetu ingeweza kujificha chini ya bawa lake, akasema, "Haya, mwanangu, umefanya vyema."

Nawe siku utakayokuwa ndani ya ndege ndogo, uwanja unauona, kisha ikalaza bawa na kukurudisha baharini, usilalamike. Tazama upande wanakotoka wenye kutua, utafute taa isiyosogea. Ikishapita na moshi ukaruka chini ya magurudumu yake, anza kuhesabu. Dakika ya tatu ni yako.